Nani Atawasha Redio Jumanne?

Mwalimu Mutiso Kiema anastaafu tarehe 31 Desemba 1996, baada ya miaka thelathini na mitatu ya ualimu, ishirini na tisa kati ya hiyo akiwa papa hapa Shule ya Msingi ya Kwa Mbuvi. Tarehe hiyo itaangukia Jumanne. Wanaomfahamu wameshaanza kutabasamu, na wageni wetu wa leo nitawaeleza. Katika shule hii Jumanne ni siku ya redio, na tangu redio iingie hapa, mkono unaoiwasha umekuwa mmoja tu.

Ndiyo maana muhula huu wote chumba cha walimu kimekuwa na swali moja. Si nani atachukua darasa la nne, kwa kuwa mwalimu wa darasa la nne ataletwa. Si nani atasimamia kwaya, kwa kuwa waimbaji wamejaa. Swali ni nani atawasha redio. Kila mmoja wetu amemsukumia mwenzake, na kila aliyesukumiwa amekumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Mwalimu Mutiso mwenyewe hajasema lolote. Amekunywa chai yake, akatutazama mmoja mmoja, akaosha kikombe.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, na kazi zisizo na mwenyewe huishia mezani kwangu. Ya pili, inasemekana kwamba hakuna aliyebishana naye kuliko mimi. Hilo siwezi kulikana, na wala sina haja.

Alizaliwa mwaka 1941 upande wa Matiliku, mtoto wa mkulima aliyependa sana kuimba kanisani na asiyependa sana kulima, tabia mbili ambazo mwanawe alizirithi zote. Alipomaliza chuo cha ualimu, Januari 1964, alipangiwa shule moja nje kidogo ya mji wa Kitui. Alikwenda na cheti cha daraja la chini kabisa, kitanda cha kamba, na Kiingereza ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa na magurudumu matatu.

Huko Kitui ndiko alikokutana na redio, na hapa sina budi kuwaingiza jamaa zangu, maana redio yenyewe ilikuwa dukani kwa ami yangu, Mzee Amin. Ami alitusimulia mara nyingi juu ya kijana mmoja mwalimu, mwembamba, mwenye suruali isiyofika viatuni, aliyekuja barazani kila jioni kujifanya anatazama vitambaa. Kumbe alikuwa anasikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza, huku midomo ikirudia kila neno polepole. Mwishowe ami alichoka. "Mwalimu," akamwambia, "kanga hizo wazitazama wiki nzima na mke huna. Ingia ndani ukae. Kusikiliza hakuna bei." Kijana akaingia, akaketi juu ya gunia la sukari, na kiti chake kikawa hicho mpaka alipohamishwa. Kwa hiyo nilimjua Mwalimu Mutiso kwa masimulizi miaka mingi kabla sijamwona kwa macho, na nilipomwona nilikuta suruali bado haijafika viatuni.

Alihamia Kwa Mbuvi mwaka 1968. Shule ilikuwa na kuta za udongo, paa la nyasi, na darasa la nne ambalo mvua ikinyesha lilihamia kona moja. Vitabu vya kusoma vilikuwa vichache, na ramani ya dunia ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia upande wa Amerika. Mwalimu Mutiso aliuona umaskini huo, akaamua kwamba kinachohitajika ni redio. Alikuwa amesikia kwamba Nairobi kuna vipindi maalumu vya shule, masomo yanayorushwa hewani na walimu ambao hakuna mwanafunzi atakayewaona.

Hakwenda kwa kamati ya shule. Alikwenda kwa akina mama wa mwethya, kile kikundi kinacholima na kuchimba matuta kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kiongozi wao alikuwa Muthoki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha milima. Walisuka vyondo, vile vikapu vya katani, msimu mzima wa kiangazi, wakaviuza Nunguni, na vingine vikateremshwa mpaka Kambu, kando ya barabara kuu, kwa wasafiri wa Mombasa. Mapema mwaka 1969 redio ikaletwa. Muthoki mwenyewe aliibeba ndani ya kyondo, ukanda ukiwa kwenye paji la uso, na hakukubali mtu mwingine aishike hadi alipoiweka mikononi mwa mwalimu.

Darasa lilikuwa na kiti kimoja. Redio ikawekwa juu ya kiti. Mwalimu akabaki hana pa kukaa, akaenda kujibana kwenye dawati la pembeni, karibu na ukuta, pamoja na watoto. Sauti kutoka Nairobi ilipouliza swali, watoto waliduwaa, kwa kuwa hawakujua wamjibu nani. Mwalimu Mutiso akanyosha mkono kama mwanafunzi. Watoto wakacheka, kisha nao wakanyosha. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na hata tulipopata viti vya kutosha, redio iliendelea kukalia kiti na mwalimu akaendelea kukalia dawati.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa Mzee Mwangangi, mtu wa haki lakini mwenye macho makali kwa uvivu. Alipita dirishani Jumanne moja akamwona mwalimu ameketi na watoto, mkono juu, huku sanduku kwenye kiti likifundisha. Aliondoka bila kusalimia. Kuanzia siku hiyo alisema popote alipokaribishwa uji kwamba serikali inamlipa Mutiso na kazi inafanywa na redio. Mwaka 1971 malalamiko hayo yakafika kwa afisa wa elimu, na afisa akasema atakuja siku ya Jumanne ajionee. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Redio ikionekana ni upuuzi, itauzwa, na mwalimu wake atahamishwa.

Sasa lazima nieleze habari ya jiwe. Nyuma ya darasa la nne kuna jiwe pana, bapa, lipo mpaka leo, na lilikuwa na kazi mbili. Betri ikichoka, sisi hatuitupi. Tunaianika juani, inakusanya nguvu, inarudi kazini. Kila nyumba hapa yenye tochi au redio inalijua hilo. Na betri ikifa kabisa pia hatuitupi. Watoto huipasua kwa mawe, ule unga mweusi wa ndani wakauchanganya na majani yaliyopondwa na maji kidogo, kisha wakapaka ubao. Ubao uliokuwa umefifia unarudi kuwa mweusi ti, na chaki inaonekana mpaka mlangoni. Betri zilizochoka zilianikwa juu ya jiwe hilo, na betri zilizokufa zilipasuliwa juu ya jiwe hilohilo.

Jumatatu, siku moja kabla ya mgeni, Mwalimu Mutiso alizianika betri za redio ili kesho ziamke na nguvu. Jioni ile kiongozi wa usafi wa darasa, msichana aitwaye Kaluki, bintiye Muthoki, aliutazama ubao akaona aibu. Mgeni mkubwa anakuja na ubao uko kama majivu! Akaenda jiweni, akakuta betri zimelala pale, akawaita wenzake. Walizipasua zote. Waliufanya ubao ule kwa bidii ambayo, anavyosema Kaluki mwenyewe, hajawahi kuirudia katika kazi yoyote ya maisha yake.

Asubuhi wageni walikuwa wameshaketi kwenye benchi la nyuma, afisa katikati, Mzee Mwangangi kulia kwake, wakati mwalimu alipotoka kwenda kuchukua betri. Alikuta magamba matupu. Alirudi darasani, akasimama mlangoni, akaitazama redio, kisha akautazama ubao. Haukuwahi kung'aa hivyo. Kaluki aliyafuata macho yake, akaelewa alichofanya, akaanza kulia kimyakimya. Mwalimu akapita karibu na dawati lake akainama. "Kaluki, nyamaza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ubao iko sawa kabisa."

Kisha akachukua chaki.

Kipindi cha siku hiyo kilikuwa safari ya treni kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwalimu Mutiso aliuchora mstari wa reli kutoka kona hadi kona ya ule ubao mweusi, akaandika stesheni zote. Upande wa kushoto wa darasa akaufanya magurudumu, upande wa kulia ukawa moshi, na yeye mwenyewe, mikono mdomoni, akawa honi. Treni ikaondoka taratibu, ikashika mwendo, ikapanda kilima ikihema, ikafunga breki kwa mlio uliowafanya kuku wa jirani wakimbie. Kila stesheni aliita jina, akauliza watoto abiria anaona nini dirishani, nani anauza nini pale chini. Walipofika Mtito Andei, afisa wa elimu alikuwa ameshapewa kazi ya kupeperusha leso yake kama bendera ya kijani, na aliipeperusha kwa moyo wote. Treni ilipoingia Nairobi darasa zima lilipiga makofi, na Mzee Mwangangi alipiga makofi kuliko wote.

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuja. Mzee Mwangangi alisimama, uso umejaa furaha. "Mwalimu, kumbe kazi unaweza! Mimi nimeona na macho yangu. Sasa hii sanduku ni ya nini? Tuuze, tununue mabati ya darasa ya nne."

 Mwalimu alikuwa amejiokoa yeye na kuipoteza redio, na kwa mkono wake mwenyewe. Afisa akamgeukia, akamuuliza kama ana la kusema. Mwalimu Mutiso alipangusa chaki kwenye suruali. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, mimi treni sijawahi panda. Hata karibu sijasimama. Ile honi, ile moshi, ile breki, yote nilifundishwa na hii redio mwaka jana na mwaka juzi, nikiwa nimekaa hapo na watoto. Mkiuza, mwaka ujao nitawaambia kitu gani?"

Kabla mtu hajajibu, sauti ikatoka dirishani. Akina mama wa mwethya walikuwa wamejipanga nje muda wote na hakuna aliyewaona. "Hiyo redio ni ya sisi," Muthoki akasema. "Tulisuka na hii mikono. Mtu akitaka kuuza, kwanza asuke yake."

Afisa alicheka mpaka akaitumia ile bendera ya kijani kufutia macho. Redio ikabaki, na mwalimu akabaki. Jumanne iliyofuata Mzee Mwangangi alikuja na betri mpya kutoka Matiliku, akazipitisha dirishani bila maneno mengi, kisha akaingia akakaa nyuma. Alikuwa amekuja kuisikia treni. Bahati mbaya treni ilikuwa imekwisha pita, na wiki hiyo ilikuwa zamu ya samaki wa ziwani. Alisubiri mwaka mzima, akija kila Jumanne akilalamika kuhusu samaki, nyuki na milima ya barafu, mpaka treni ikarudi. Alipoisikia alimgeukia mwalimu akatangaza kwamba honi ya Mutiso ni bora zaidi. Huo ndio upatanisho wao, na ulidumu mpaka mzee alipofariki.

Mimi nilifika Kwa Mbuvi mwaka 1979, nikitoka Kitui, na sanduku langu la chuma, na imani yangu kwa chaki. Sikuipenda redio. Nilisema hivyo siku ya kwanza na nimeendelea kusema. Mwalimu mzuri hufundisha akimtazama mtoto machoni, na redio haina macho. Haijui kama yule wa nyuma anasinzia, haijui kama yule wa mbele hajaelewa neno, na ukiiuliza swali haikujibu. Mwalimu Mutiso alinisikiliza kila mara kwa utulivu, kisha akasema maneno yaleyale. "Ni kweli, Mwalimu Shufaa. Kuja basi ukae na sisi." Nami nikajibu yaleyale, kwamba dawati ni dogo na mimi si mdogo. Tumeuendesha ubishi huo miaka kumi na saba na chai haikuwahi kuingia shubiri.

Tena msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kuabudu mashine. Mwaka 1981 kanisa lilituazima mtambo wa kuonyeshea picha ukutani, unaotumia betri ya gari. Darasa halikuwa na giza, ikabidi wazazi walete mablanketi tuyatundike madirishani. Watoto wakaona bahari kwa mara ya kwanza, kubwa, ya buluu, ukuta mzima. Lakini mablanketi yalikuja na viroboto wa kila kijiji, na kufikia picha ya tatu darasa zima lilikuwa linajikuna, mwalimu naye anajikuna, hata mwinjilisti aliyeuleta mtambo. Mpaka leo, ukimtajia mtu wa kundi lile bahari, utaona mkono wake unakwenda shingoni. Mwalimu Mutiso aliurudisha mtambo kwa shukrani, akasema chombo kinachomfanya mtoto asahau alichokiona kwa sababu ya kujikuna hakijawa chombo cha kufundishia.

Na kuna jambo la mwaka 1984, ambalo sitaki lisahauliwe. Ule ulikuwa mwaka wa ukame. Watoto walishinda wakitafuta maji, madarasa yakawa nusu, na hakuna nyumba iliyokuwa na fedha ya kununua betri wakati unga wenyewe haupo. Redio ikanyamaza wiki kadhaa. Kisha Jumanne moja asubuhi, mtoto mmoja akaja na betri moja mkononi, ameitoa kwenye tochi ya nyumbani. Mama yake alikuwa amesema arudi nayo jioni. Jumanne iliyofuata zikaja nyingi. Kila mtoto aliileta yake kama vile wengine wanavyoleta kuni, nasi tukazifunga nyuzi za rangi ili kila moja irudi kwa mwenyewe. Nasema tukazifunga, lakini aliyezifunga ni mimi. Mwalimu Mutiso aliniona, akawa mwungwana, hakusema kitu. Jumanne za mwaka ule darasa la nne lilijaa, na wengi wao walikuwa hawajala.

Mambo mengine nitayasema kwa ufupi maana chakula kinanukia. Wanafunzi wake wako kila mahali, wauguzi, madereva, wahasibu, wachungaji, na mmoja ni fundi wa redio pale Nunguni, ambaye hajawahi kukubali kulipwa na shule hii. Kaluki, yule wa betri, ndiye mwenyekiti wa wazazi leo, na ndiye atakayemkabidhi zawadi. Tunamwomba asipite na zawadi hiyo karibu na jiwe.

Upande wangu binafsi nitasema moja. Nilipofika hapa sikuwa na mahali pa kuswali. Mwalimu Mutiso, mzee wa kanisa, alinifungulia ghala inakolala redio, akaifagia mwenyewe, na kwa miaka yote hii, saa ya adhuhuri ikifika, yeye ndiye anayewaondoa watoto wanaocheza mpira karibu na mlango. Hakunieleza wala sikumwomba. Ninapoyaandika haya nalia, na naona ni heri niseme wazi kuliko mtu ayaone machozi kwenye karatasi.

Sasa turudi kwa lile swali.

Jumanne iliyopita, baada ya mapumziko, kengele ililia na Mwalimu Mutiso hakuinuka. Alikaa palepale chumba cha walimu na kikombe chake. Tulidhani hajasikia. Mwalimu mkuu alinitazama mimi, mimi nikamtazama Mumbua, mwalimu wetu mpya, na Mumbua akaitazama chai. Kutoka darasa la nne hapakuja sauti yoyote. Watoto walikuwa wanangoja. Ule ukimya ulinishinda, nikasimama. Sitasema nilikuwa jasiri. Niliogopa kwamba nikikaa dakika moja zaidi, Jumanne itakuwa imekwisha katika shule hii, na itakuwa imeishia mbele ya macho yangu.

Ghalani niliikuta redio mahali pake, na betri pembeni zimefungwa kwenye kitambaa. Zilikuwa na joto bado. Alikuwa amezianika. Alijua kuna mtu atakuja, ila hakutaka kumchagua.

Watoto walisimama waliponiona. Niliiweka redio kwenye kiti, nikaiwasha, na sauti ya Nairobi ikaanza kutusalimu. Nikatafuta pa kukaa. Lile dawati la pembeni, karibu na ukuta, lilikuwa na nafasi moja, na ilikuwa wazi kwamba hakuna mtoto anayethubutu kuikalia. Nikaingia kwa shida. Magoti yalikataa. Msichana niliyeketi naye alinionea huruma akanong'ona, "Mwalimu, weka mguu hivi. Mwalimu Mutiso huweka hivi." Nikauweka hivyo, na mguu ukaingia.

Kipindi kilikuwa juu ya jinsi mvua inavyotengenezwa. Nilipoketi pale ndipo nilipoona. Kutoka mlangoni, ambako nimesimama miaka kumi na saba nikitikisa kichwa, unaona visogo vya watoto tu. Kutoka dawati lile la pembeni, unaziona nyuso zote kwa mara moja. Nilimwona mvulana aliyekuwa anaitazama midomo ya jirani yake kwa kuwa hajaelewa. Nilimwona msichana aliyejua jibu anaona haya kulisema. Nilimwona anayesinzia. Redio haina macho, nilikuwa nasema, na muda wote huo macho yalikuwa yameketi pale, yamekunja mguu hivi.

Sauti ikauliza swali. Hakuna mkono ulioinuka. Watoto waligeuka wakanitazama mimi.

Nikanyosha mkono. Darasa likacheka, kisha mikono yote ikapanda.

Nilipotazama dirishani nilimwona amesimama nje na kikombe chake. Hakutabasamu wala hakupunga mkono. Alisikiliza kidogo, kisha akageuka akaondoka polepole kuelekea jiweni, na kipindi hakijaisha. Kwa wanaomfahamu sihitaji kueleza. Hajawahi kukiacha kipindi katikati maisha yake yote. Saa ya chakula alikuja akakaa mkabala nami, akala, kisha akanipa maoni yake kama mwalimu kwa mwalimu. "Sauti ilikuwa chini kidogo, Mwalimu Shufaa."

Mwalimu Mutiso, kwa miaka yote uliyotupa, tunasema asante. Asante kwa watoto uliowafundisha kunyosha mkono hata kwa asiyewaona. Asante kwa uvumilivu wako kwa akina Mwangangi wa kila zama, nami nikiwemo. Kaluki atakukabidhi bahasha leo, na kwa kuwa sikuwahi kuweza kukuficha kitu, nitakuambia kilichomo. Ni tiketi za treni, yako na ya mkeo, Mama Mulei, kutoka Emali hadi Mombasa na kurudi. Ukiwa njiani fungua dirisha, sikiliza vizuri honi, breki na magurudumu, kisha urudi utuambie kama redio ilitudanganya.

Tunakutakia safari njema, afya, mvua ya kutosha shambani, na maisha mema wewe na nyumba yako. Na asubuhi ya Jumanne ile ya kwanza ya muhula, utakapoamka huna pa kukimbilia na mkono wako unatafuta cha kuwasha, usihangaike. Betri zitakuwa zimeanikwa, na pembeni karibu na ukuta atakuwepo mtu.

Shufaa Abubakar
Naibu wa Mwalimu Mkuu, kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi wa Kwa Mbuvi